Pumzi za Ndani ya Bani

Desi, mama,

Toka Mpanda mjini mpaka Usevya, pita Sitalike, vuka daraja la viboko, ingia kila kijiji, simamisha kila mwanaume mwenye kichwa na shingo: hutampata anayeweza kusimama kwa kichwa mpaka wimbo mzima wa redioni uishe, miguu iko juu, na yeye anapiga mluzi. Baba yako anaweza. Siku moja nilifanya karibu na hifadhi, nyani wakaitana, wakakaa mstari kama kamati ya shule, mmoja akajaribu akaangukia pua. Naapa. Mimi Gervas, form two niliyoishia njiani, ndiye bingwa wa yoga wa mkoa wa Katavi, na kama kuna mwingine ajitokeze tupimane. Na kwa yoga hiyo hiyo nimeacha sigara, mimi ambaye Litapunga nzima walikuwa wakiona moshi kilimani hawaulizi nani anachoma shamba, wanasema Gervas ameamka.

Najua unasoma huku umekunja mdomo. Kunja tu. Mdomo huo ni wa bibi yako marehemu uliyerithi jina lake, ndiyo maana nakuita mama hata nikiwa nimekukasirikia, na ndiyo maana ukinikunjia mdomo nasikia nimechapwa mara mbili, na mama na mtoto.

Kesho jirani yetu Masanja atakupakia kwenye pikipiki yake na begi lako mpaka stendi ya Mpanda, halafu basi, halafu Usevya kwa shangazi yako Yustina. Mama yako yuko ndani anakunja nguo zako, kila gauni analikunja kama analinyonga. Mambo ya sabuni, ya kuamka na shangazi alfajiri, ya kutosahau ile dawa yako ya kuvuta, ya wavulana wa mashamba ya mpunga, hayo anayo yeye. Ameanza kukuambia tangu Jumatatu na hajafika nusu. Mimi sina maelekezo. Mtu wa kukupa wewe maelekezo ya kuishi si mimi, na wewe unajua, na mama yako anajua kuliko wewe.

Ila lijue moja waziwazi, usije ukalisikia kwa watu limepambwa. Daktari alisema pale hospitali, mimi nimesimama na kofia mkononi: katika nyumba ile kimoja kiondoke, tumbaku au mtoto, kwa sababu kifua cha mtoto hakitastahimili msimu mwingine. Watu wote chumbani wakanitazama. Mabani yangu mawili ya kukaushia tumbaku yamesimama mpaka sasa, unayaona kutoka hapo ulipo. Mitaro ya miche nimeshaichimba. Anayeondoka ni wewe. Nimetafuta maneno mazuri ya kufunikia hilo, nimekosa, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Nilianza kuvuta nikiwa na umri wako huu, kumi na minne, huko huko Usevya unakokwenda. Nilianza kwa sababu ya sifa. Kulikuwa na jamaa mmoja mkubwa aliyekuwa akitoa moshi puani, wasichana wanacheka, nikasema mimi nitautoa masikioni. Sikuutoa masikioni. Nilitapika juu ya viatu vyake. Kesho yake nikarudi. Hivyo ndivyo nilivyo, mama, nikitapika narudi. Bibi yako alininusa akaniambia, "Gervas, wewe ukifa Mungu hatajua akuzike au akuzime." Nikacheka. Nilipokuja huku Litapunga kulima tumbaku nilimwambia nitarudi na gari. Sijarudi hata na baiskeli. Sasa narudisha binti, na dawa yake ya kifua kwenye mfuko wa pembeni.

Wewe ulizaliwa nina miaka kumi na tisa. Ulinikuta mtoto, tukakua pamoja, ila wewe ulinipita darasa la nne. Mkulima wa tumbaku hanunui sigara, hiyo ni aibu, ni kama muuza samaki kununua dagaa dukani. Nilikuwa nasokota majani yangu mwenyewe, yale yaliyokataliwa na mpanga madaraja anayepima ubora, na karatasi nachana popote. Nilichana daftari zako. Nilivuta Maarifa ya Jamii yote ya darasa la tano, mito na milima, nikavuta Sayansi mpaka ukurasa wa mapafu, ule uliouchora kwa kalamu nyekundu na bluu. Ulipoukosa ulikuja ukasimama mlangoni na daftari mkononi. Nikakuambia, "Ulikuwa mchoro mzuri, umewaka vizuri." Watu waliokuwepo walicheka. Mimi nilicheka kuwapita. Wewe ulikwenda ukachora mengine, ukaandika jina langu chini yake. Nadhani ulitaka niogope. Niliona fahari, nikamwonyesha Masanja.

Na lile jina. Nani alikupa jina la Filimbi? Mimi. Kifua chako kilipoanza kupiga kelele usiku nilisema kwa sauti watu wasikie, "Hapa kwangu hatuhitaji redio, tuna Filimbi." Wiki haikuisha shule nzima ilikuwa inakuita hivyo. Siku moja ulikuja nyumbani ukasema, "Baba, waambie waache." Nikakuambia jina likishika ni kama rangi ya ukuta, unaongezea tu. Unaona nilivyokuwa mwerevu? Nilikuwa na jibu la kila kitu. Mtoto anakosa pumzi, mimi ninalo jibu.

Yoga yenyewe niliipata kwa bahati ya kipuuzi. Ule mwaka nusu ya tumbaku iliharibika kwa mvua ya mawe, nikaenda kufanya kibarua kwenye kambi moja ya watalii ndani ya hifadhi, kazi yangu ikiwa kubeba maji ya moto ya kuogea wageni. Alikuwepo bibi mmoja Mzungu, mkavu kama kuni, miaka yake sabini na kitu. Kila asubuhi anatandika mkeka juu ya ukingo wa mto, chini viboko wanajamba, juu yeye anajikunja. Mimi nilidhani ni mgonjwa wa tumbo. Siku ya tatu aliniita kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Wewe. Njoo. Wewe nanuka."

"Shikamoo bibi. Ni jasho la kazi."

"Hapana jasho. Sigara. Mimi kunuka hivi miaka arobaini."

Akanionyesha vidole vyake, akatafuta ile rangi ya njano haipo, akacheka. Akaniambia ameachia hapo hapo kwenye mkeka. Nikamwambia bibi, mimi nikiamua naacha leo. Akasema, "Basi amua." Nikatua ndoo ya maji.

Alinifundisha siku tisa. Si uchawi, kama alivyosema mke wa katekista. Unajikunja kama mbwa anayejinyoosha, unasimama mguu mmoja kama mti, unalala kifudifudi unainua kifua kama nyoka, na mwisho unalala chali kama maiti, mikono wazi, hufanyi kitu. Katikati ya hayo yote ni pumzi. Unavuta taratibu kwa kuhesabu, unashikilia, unatoa taratibu kuliko ulivyovuta. Akaniambia hamu ya sigara ikija usipigane nayo wala usikimbie, kaa chini, pumua mara kumi na mbili, uiangalie inavyofanya. Niliiangalia. Ng'ombe wa Masanja wakivuka barabara ukiwapigia kelele wanasimama palepale wanakutazama. Ukikaa kimya wanapita, mkia wa mwisho unapita, barabara inabaki. Hamu ni hivyo. Hili nakuambia si kwa sababu utavuta, wewe huwezi hata kukaa karibu na kiberiti. Nakuambia kwa sababu kuna hamu nyingine, na zote zina mkia.

Alipoondoka aliniachia mkeka wake wa bluu. Nikaja nao nyumbani nimeufunga mgongoni kama bunduki.

Siku ya kwanza niliufungua uwanjani, hapo mbele ya jiko, kwa kujidai. Unakumbuka. Nilikuwa kwenye ule mkao wa mbwa, makalio yanaangalia Mpanda, Masanja akapita na ng'ombe zake, akasimama.

"Shemeji!" akamwita mama yako. "Njoo umtoe mumeo, amekwama!"

"Mwache," mama yako akajibu toka ndani. "Labda anatafuta akili, aliiangusha hapo hapo."

"We Gervas, unatafuta nini huko chini?"

"Afya!" nikasema.

"Basi funika mlango, afya isije ikaingilia nyuma."

Mpaka jioni kijiji kizima kilikuwa kinakuja kununua chumvi kwetu, na sisi hatuuzi chumvi. Sasa mimi nacheka watu, sichekwi. Mwingine yeyote angekwenda kujificha porini. Mimi nikapata akili ya pekee, akili ambayo haiwezi kumjia mtu isipokuwa awe mkulima wa tumbaku tena mjuaji: nikaingia banini.

Nilijiona nimegundua dunia. Bani la tumbaku lina kuta nene, halina dirisha, hakuna wa kukuchungulia. Lina joto, na yule bibi alisema mwili unapenda joto. Tumbaku ikishakauka, moto tumeacha ulale, majani yananing'inia juu kwenye vijiti yakingoja kulainika, pale chini pana nafasi ya mkeka na mtu mmoja zaidi. Nikatia komeo la ndani, gogo la mninga kabisa, ili Masanja asiingize pua. Bani pekee Litapunga nzima lenye komeo la ndani lilikuwa langu. Mafundi wanafunga moto ndani, mimi nilijifunga mimi.

Na mtu mmoja zaidi alikuwa wewe.

Uliomba wewe, tuseme ukweli. Ulisema, "Baba, ukiwa peke yako utadanganya hesabu." Ulikuwa na haki. Mimi nikihesabu kumi na mbili nilikuwa natoka nne nafika kumi. Basi kila asubuhi kabla ya shule tunaingia, unakaa pembeni na mgongo kwenye ukuta, unahesabu. "Vuta, moja, mbili, tatu. Shikilia. Bado. Bado, baba, acha kufumbua jicho. Toa." Ulikuwa na sauti ya mwalimu mkuu. Ukimaliza unachora mstari kwa mkaa ukutani, mstari mmoja kwa asubuhi moja bila sigara. Nilikuwa nakutania, "Filimbi, hesabu bila muziki." Unacheka, unakohoa, unaendelea.

Asubuhi za kwanza nilikohoa vitu vyeusi mpaka nikadhani ni ini. Nilikuwa nimekakamaa, nikijaribu kushika vidole vya miguu nashika magoti nadanganya kuwa ni vidole. Halafu nikaanza kulegea. Na kitu kimoja kikanishangaza: nje, shambani, hamu ilikuwa inanitafuna nawatukana hata kunguru. Nikiingia ndani nikapumua mara kumi na mbili, nimetulia tuli, kama nimewekewa mkono kichwani. Nikamtangazia kila mtu. Nilimwambia mama yako yoga inafanya kazi ila lazima ifanyiwe mahali pake, mahali pa heshima. Nilianza kuingia asubuhi na jioni. Nilianza kukosa subira ya kuingia. Mama yako, aliyeishia darasa la saba na ana akili za kuzidi mawakili, akasema, "Huyu ameacha sigara au amehamia ndani yake?" Nikamwambia wivu.

Wewe ulianza kukonda. Ulikuwa unatoka mle na kichwa kinauma, unatapika uji. Nikasema ni minyoo. Nilikununulia dawa ya minyoo, baba mwema.

Mstari wa thelathini na tatu ndio wa mwisho ukutani. Hukuuchora wewe, niliuchora mimi baadaye, kwa ubishi.

Ilikuwa Jumapili, mama yako amekwenda kanisani misa ya kwanza. Usiku wake kulinyesha, asubuhi baridi, nikasukumia makaa machache mdomoni mwa tanuru ili tupate joto, nikaziba na matundu ya hewa. Nikatia komeo. Ulihesabu vizuri. Tukamaliza mbwa, mti, nyoka, nikalala chali, ule mkao wa maiti. Wewe ulikuwa ukisoma maneno niliyokufundisha, "Legeza miguu, legeza tumbo, legeza uso." Halafu mimi nikapitiwa na usingizi. Wewe ukabanwa. Ukaita, ukaenda mlangoni, gogo la mninga likakushinda. Ukapiga mlango. Masanja alikuwa anapitisha ng'ombe kwenda mtoni, akasikia, akadhani ni mbuzi amefungiwa, akaja, akasikia ni mtoto. Akavunja mlango kwa bega. Akakubeba nje, midomo yako ina rangi ya wino, akarudi akanitikisa mimi, nikaamka. Akakimbiza pikipiki mpaka kanisani, mama yako akapanda nyuma akakupakata katikati, mpaka Mpanda hamkusimama. Mimi nilikuja kwa miguu na lifti ya lori la mahindi, nimefika mchana, mkeka wa bluu nimeushika sijui kwa nini.

Hiyo ndiyo hadithi. Ndivyo ninavyoisimulia, ndivyo Masanja anavyoisimulia, na kilabuni wameigeuza kichekesho, kwamba Gervas alifanya maiti akafanikiwa kupita kiasi.

Daktari aliniuliza mlikuwa mnafanya nini mle ndani. Nikamweleza yote, pumzi, mikao, hata nikataka kumwonyesha mti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kijana tu, mdogo kuliko mimi. Akasema, "Mzee, sumu ya tumbaku inapita hata kwenye vumbi lake. Wewe hukuacha. Ulikuwa unavuta bila kuwasha. Na mtoto ulikuwa unavuta naye. Halafu mkaongeza hewa ya makaa." Aliniita mzee. Mama yako alikuwa amekaa kwenye benchi amekushika mguu. Hakupiga kelele. Alisema taratibu kama anaomba chumvi:

"Gervas, ungekufa zamani tungelia mara moja tukamaliza."

Nimepigwa na wanaume, mama, nimepigwa na mgambo wawili kwa fimbo. Hilo ndilo lililoingia.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuambiwa na mtu, kwa sababu hakuna anayelijali. Tangu siku ile sijavuta. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu hapo. Mkeka nimeutoa nje, natandika pale pale mbele ya jiko, Masanja anapita, watoto wananiigiza, wasichana wa kisimani wamenipa jina siwezi kuliandika. Wiki mbili za kwanza, nje kwenye hewa tupu, ndipo nilipojua kuacha ni nini. Nilikuwa natetemeka kama kifaranga cha mvua. Nilipumua mara kumi na mbili, ikarudi, nikapumua tena. Kuna siku nilikaa kwenye mkeka toka jogoo wa kwanza mpaka jua la utosi, kila nikisimama nakuta nimeshika jani. Hakuna aliyenihesabia. Wewe ulikuwa unapita na ndoo hunitazami, unafunika pua kwa kanga hata pasipo moshi, kwa mazoea. Nikajifunza kuhesabu vizuri. Wakicheka nacheka nao, na miguu iko juu.

Kwa hiyo inafanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba inafanya kazi hata nje, hata mbele ya ng'ombe. Ingefanya kazi tangu siku ya kwanza kama ningekubali kuchekwa. Kifua chako kimeharibika kwa sababu baba yako, mcheshi wa Litapunga, hakutaka kuchekwa na mtu mmoja mwenye ng'ombe kumi na sita.

Usidhani nakuandikia ili unionee huruma ubaki. Usibaki. Huko Usevya wanachoma makapi ya mpunga baada ya mavuno, siku hizo kaa ndani kwa shangazi, lakini siku nyingine hewa ni safi, inanuka maji na matope. Nitaendelea kulima tumbaku kwa sababu sijui kazi nyingine na nimeishia form two, na kwa sababu mama yako na wadogo zako wanakula. Nikikuambia msimu ujao nitalima alizeti, usiamini. Nimekwisha kusema alizeti mara tatu.

Watu wa Usevya watakuuliza habari zangu. Wanaume niliolelewa nao watakuuliza Gervas ana gari sasa? Wewe jibu unavyotaka. Ila najua utakavyojibu, kwa sababu nimekusikia unavyojibu. Mwezi uliopita mama yako alipoanza tena, jikoni, ananisema kuwa hata mbwa anaamka mtoto wake akilia, wewe uliweka mwiko chini ukamwambia, "Mama, acha. Baba alikuwa amelala. Mtu aliyelala hana kosa." Hospitali uliwaambia vivyo hivyo, na mpira wa hewa uko puani, hata hujaulizwa. Umemwambia katekista. Umemwambia Masanja. Nimekuita Filimbi mbele ya shule nzima na wewe umezunguka kijiji ukinitetea, na kila ulipomaliza kunitetea nilikaa nikala chakula changu.

Nimeeleza kuhusu makaa, nimeeleza komeo, nimeeleza vumbi na daktari na ujinga wangu, na yote ni kweli, na yote ningeweza kuyasema kilabuni watu wakacheka. Hayo siyo ubaya wenyewe. Liko moja, na nalisema sasa kwa sababu karatasi haina uso wako wa kunizuia.

Sikuwa nimelala.

Nilikusikia ukisema "Baba" mara ya kwanza. Nilikuwa nimelala chali, macho nimefumba, na mwili wangu, Desi, kwa mara ya kwanza tangu nina miaka kumi na minne, haukuwa unaomba kitu. Kila kidole kilikuwa kimenyamaza. Nikajiambia nikifumbua macho itaondoka, na sitaipata tena. Ukasema tena, "Baba, kifua." Nikajiambia atanyamaza sasa hivi, huwa ananyamaza. Nilisikia unatambaa. Nilisikia kucha zako kwenye gogo. Ulipoanza kupiga mlango ulikuwa huna tena sauti ya kuita, na mimi nikavuta pumzi, nikaishikilia, nikaitoa taratibu kama nilivyofundishwa, nikaanza nyingine. Nilifika ya tisa. Niliiona nzuri. Na hata uzuri wenyewe, daktari alikwisha kunieleza, ulikuwa tumbaku tu.

Masanja alipovunja mlango na kuja kunitikisa, nilizidi kufumba macho kidogo. Halafu nikajinyoosha, nikapiga mwayo, nikauliza kuna nini.